Jina Halipandi Meli Pamoja na Mzigo

Chukua kipande kimoja cha sabuni ya mwani, kile cha gramu 100 kinachouzwa Paje na Jambiani, Unguja, kimezungushiwa karatasi ya kaki na kufungwa kwa uzi wa ukili. Mbele pana jina. Chini ya jina pamechorwa mama ameinama kwenye maji ya magoti, kamba ya mwani mkononi. Ubavuni imeandikwa orodha ya viungo: mafuta ya nazi, unga wa mwani, mafuta ya karafuu, kostiki soda. Nyuma ipo alama ya viwango, na mistari ya msimbo yenye namba inayoanza na 620. Karatasi ni moja, lakini ndani yake mna haki kadhaa, na kila haki ina sheria yake. Sisi tunaoandaa makaratasi ya wauzaji wadogo wa Unguja na Pemba wanaopeleka bidhaa nje, hasara nyingi tunazoziona zinaanzia kwenye karatasi hii. Mtu anadhani ikishachapwa na kupata alama ya viwango, basi vyote vilivyomo vimelindwa.

Alama ya viwango inasema sabuni ni salama na ina ubora unaotakiwa. Haisemi jina ni la nani. Namba ya 620 inatolewa na GS1 Tanzania ili mashine ya dukani isome bidhaa; mtu mwengine anaweza kupata namba yake na akatumia jina lile lile. Cheti cha jina la biashara nacho huwapoteza wengi, kwa sababu kinatoka kwenye ofisi ile ile ya Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali Zanzibar, BPRA, inayosajili pia alama za biashara. Jina la biashara linaitambulisha kampuni mbele ya serikali na benki. Alama ya biashara ndiyo inayokupa nguvu ya kumzuia mwenzako asiweke jina lako kwenye sabuni yake. Ni maombi mawili, fomu mbili, ada mbili. Mwenye cheti cha kwanza tu hana la kumwambia anayemuiga.

Mchoro wa yule mama una hakimiliki tangu mchoraji alipoumaliza. Zanzibar ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2003, na Tanzania imo katika Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1994, kwa hiyo haki hiyo inatambulika katika nchi wanachama bila ya kusajiliwa kwanza. Suala ni kwamba haki huanzia kwa aliyechora. Kijana aliyelipwa kwa simu akachora nembo kwa siku mbili, bila ya hati yoyote, anaweza kuja kudai baada ya miaka mitano, siku sabuni imeanza kuingia maduka makubwa. Dawa yake ni karatasi moja yenye saini mbili: mchoro wenyewe umebandikwa juu, kiasi kilicholipwa, na sentensi inayosema haki zote zimehamishiwa kwa kampuni, kwa nchi zote na kwa muda wote wa haki. Pamoja na hati hiyo chukua faili la asili la mchoro, lile linaloweza kukuzwa bila kuharibika. Picha iliyotumwa kwa simu haitoshi.

Sasa jina. Zanzibar husajili alama za biashara kwa Sheria ya Mali za Viwanda Namba 4 ya mwaka 2008, na usajili hudumu miaka 10 tangu tarehe ya ombi, kisha huhuishwa. Bara wana sheria yao ya mwaka 1986 na ofisi yao, BRELA, na muda wao wa mwanzo ni miaka 7, halafu kila uhuisho ni miaka 10. Hapa ndipo penye jambo ambalo hata wafanyabiashara wazoefu hawalizingatii: cheti cha Zanzibar hakivuki mkondo wa bahari kwenda Dar es Salaam, na cha BRELA hakivuki kuja bandari ya Malindi, Unguja. Nchi moja, madaftari mawili. Mwenye kusajili Unguja peke yake, na sabuni yake inauzwa Kariakoo, huko Kariakoo hana usajili. Ikiwa mkondo wa saa mbili kwa boti unazuia haki, sembuse bahari ya kwenda Hamburg au Guangzhou.

Kabla ya kulipa ada popote, jina lenyewe lipimwe. "Sabuni ya Mwani Zanzibar" ni maelezo matupu: sabuni ni bidhaa, mwani ni kiungo, Zanzibar ni mahali. Wasajili wa karibu nchi zote hukataa jina la namna hiyo, na hata likipita ndani ya nembo, kinacholindwa ni mchoro na mpangilio, maneno hubaki ya kila mtu. Watu hulipenda kwa sababu linauza haraka, mtalii analisoma akaelewa. Ila baada ya mwaka mmoja meza nzima ya sokoni ina jina hilo hilo. Neno zuri ni lile lisilohusiana na bidhaa: jina la upepo, la kifaa cha ngalawa, la mchezo wa watoto, au neno la kubuni kabisa. Neno "Zanzibar" linaweza kukaa chini kwa maandishi madogo kuonesha asili, lakini lisiwe ndiyo jina.

Kutafuta kama jina limeshachukuliwa hakugharimu kitu. Daftari la kimataifa la alama la WIPO, Shirika la Miliki Bunifu Duniani, na lile la TMview, linalokusanya alama za ofisi za nchi nyingi, yanapatikana bure kwenye intaneti. Andika neno kwa tahajia zote anazoweza kuandika mgeni: i na y, k na c, herufi moja na mbili. Kisha chuja kwa kundi la bidhaa. Duniani hutumika mpangilio wa Nice wenye makundi 45, la 1 hadi 34 ni bidhaa na la 35 hadi 45 ni huduma. Sabuni na mafuta ya kunukia yamo kundi la 3, karafuu kavu na viungo vya chakula kundi la 30, mwani uliotayarishwa kwa kuliwa la 29, mwani mbichi la 31, nguo la 25, vitambaa la 24. Wanaokosea hujaza kundi moja wanalouza leo. Mwenye sabuni anayejua mwakani atatoa viungo vya chai kwa jina hilo hilo ajaze la 3 na la 30 tangu mwanzo, kwani kuongeza kundi baadaye ni ombi jipya na tarehe mpya.

Kuhusu tahajia, kisa cha kikoi kinafaa kukumbukwa. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno "kikoy" kuwa alama yake ya biashara. Kwetu kikoi ni kama kusema shati. Hakuna wa kulimiliki neno. Lakini mtahini, yaani ofisa anayekagua maombi, aliyekaa Wales iliko ofisi ya alama ya Uingereza, hana kamusi ya Kiswahili kichwani, na kwake neno lile halina maana yoyote, kwa hiyo linaonekana ni la kubuni, tena zuri. Lau lingepita, mfumaji wa Afrika Mashariki angehitaji ruhusa kuiita kikoi bidhaa yake katika soko la Uingereza. Traidcraft, shirika la Uingereza la biashara ya haki, liliweka pingamizi, na mwaka 2008 ombi likaachwa. Pingamizi lilifanikiwa kwa sababu kulikuwa na mtu anayesoma gazeti la alama za biashara. Dirisha la pingamizi huwa fupi: Uingereza miezi 2, Umoja wa Ulaya na China miezi 3, Marekani siku 30, kuhesabu tangu ombi lilipotangazwa. Likipita, kazi inageuka kuwa ya kufuta usajili, na hiyo ni ghali mara nyingi zaidi. Vyama vya mafundi wa milango, wasusi wa ukili na wakulima wa mwani wangeweza kumpa kijana mmoja kazi ya kuandika maneno kumi ya fani yao katika TMview kila mwanzo wa mwezi. Ni kazi ya nusu saa.

Utaratibu wa tarehe ndiyo sehemu inayookoa pesa nyingi kuliko zote, na ndiyo isiyojulikana. Chini ya Mkataba wa Paris, mkataba wa kimataifa wa mali za viwanda, ombi la kwanza la alama linakupa miezi 6 ya haki ya kipaumbele. Tuseme ombi limepokelewa Zanzibar tarehe 10 Machi. Ukiomba Umoja wa Ulaya, China au Marekani kabla ya tarehe 10 Septemba na ukadai kipaumbele, ombi lako huko linahesabiwa kama limeingia 10 Machi. Aliyeliona jina lako kwenye maonyesho ya Ujerumani mwezi wa Mei akakimbilia kulisajili atakuta yuko nyuma yako. Kwa hiyo mpango ni huu: omba nyumbani kwanza, halafu ndipo uioneshe bidhaa, halafu tumia miezi sita kupima soko lipi linalipa kabla ya kumwaga ada za nje. Asilimia kubwa ya wanaofika kwetu wamefanya kinyume chake.

Hapo kuna mitego miwili. Saa inaanza kwenye ombi la kwanza la alama hiyo kwa bidhaa hizo. Aliyeomba BRELA mwezi wa Januari na Zanzibar mwezi wa Machi, miezi yake sita inahesabiwa tangu Januari. Pili, chukua kutoka BPRA nakala iliyothibitishwa ya ombi mara tu linapopokelewa, na ionekane wazi kwamba ni Zanzibar, Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, kwani mtahini wa nje anaweza kuijua ofisi moja tu ya Tanzania. Mambo ya hataza, yaani haki ya uvumbuzi, na miundo ya bidhaa nayo yana vipaumbele vyake: hataza miezi 12, muundo miezi 6. Kwa hataza angalia zaidi, maana kifaa kikishaoneshwa hadharani kabla ya ombi, nchi nyingi zitakihesabu si kipya tena.

Ada za nje zisikutishe zote kwa pamoja, wala usisajili kila nchi kwa ajili ya fahari. Ofisi ya Miliki Bunifu ya Umoja wa Ulaya, iliyopo Alicante huko Hispania, inatoza euro 850 kwa kundi moja, 50 kwa la pili na 150 kwa kila moja kuanzia la tatu. Makundi mawili ni euro 900 kwa nchi zote 27 kwa miaka 10. Uingereza haimo tena humo tangu 2021. Marekani ni dola 350 kwa kila kundi tangu Januari 2025, na mwombaji wa nje lazima awe na wakili mwenye leseni ya huko, sharti lililoanza Agosti 2019; ada ya wakili huwa kubwa kuliko ada ya serikali. Kwa muuzaji wa katoni ishirini kwa mwaka, nchi mbili zilizochaguliwa vizuri zinatosha: inakouzwa, na inakotengenezwa au kuchapwa.

Hiyo ya pili husahauliwa. Wafanyabiashara wetu wengi huagiza makopo, chupa na vifungashio Guangzhou. China hutazama nani ameomba mwanzo, na kutumia jina kwanza hakukusaidii sana. Forodha ya China hukagua pia mizigo inayotoka, si inayoingia tu, na mwenye alama iliyosajiliwa China anaweza kuiandikisha kwenye forodha hiyo. Maana yake ni kwamba mtu akisajili jina lako huko, chupa zako mwenyewe, zenye jina lako mwenyewe, zilizolipiwa kwa pesa yako, zinaweza kuzuiwa bandarini zikiwa njiani kuja Zanzibar. Ada ya serikali ni yuani 270 kwa kundi kwa njia ya mtandao, pamoja na malipo ya wakala wa huko ambaye ni lazima. Ukisajili, sajili na maandishi ya Kichina ya jina lako, uyachague wewe. Usipoyachagua, soko litakuchagulia na mwengine atayasajili. Na katika mkataba na mwenye kiwanda, andika kwamba kibao cha kuchapia na mabaki ya chapa yatarudishwa au kuharibiwa kwa ushahidi wa picha. Chupa 500 zilizozidi kwenye oda huwa ndizo zinazojitokeza baadaye zikiwa na mafuta ya mtu mwengine ndani.

Mnunuzi wa nje mwenye nia nzuri anaweza kukupokonya jina bila ya ugomvi wowote. Kwa sabuni na vipodozi, Kanuni ya Umoja wa Ulaya Namba 1223/2009 inataka kila bidhaa iwe na mtu mwenye dhamana aliyepo ndani ya Umoja, na jina na anuani yake viandikwe kwenye lebo. Muagizaji ndiye mwenye dhamana, isipokuwa amteue mwengine kwa maandishi. Basi mnunuzi husema: kwa kuwa sheria inataka jina langu liwe kwenye lebo, na alama ya biashara nitaisajili kwa jina langu, itakuwa rahisi. Mambo mawili hayo hayahusiani kabisa. Mwenye dhamana anajibu kuhusu usalama wa bidhaa. Mwenye alama ndiye anayeamua nani auze kwa jina hilo. Siku ukitaka kubadili mnunuzi, au kuongeza wa pili, utagundua huwezi kuingiza sabuni yako kwa jina lako, na aliyekuwa mteja wako anaweza kuagiza sabuni mahali pengine akaendelea na jina.

Pia mwenye dhamana huweka faili la bidhaa lenye ripoti ya usalama, na ripoti hiyo ina vipimo vya kila kiungo. Siri ya mapishi inakaa hapo. Ndiyo maana ni bora dhamana apewe mtu wa tatu anayefanya kazi hiyo kwa ada, akafunga mkataba wa kutunza siri na wewe, kuliko mnunuzi anayeweza kesho kuwa mshindani. Gharama inaongezeka kidogo, lakini mapishi hayawi kwenye droo ya mwenye duka.

Katika mkataba wa uwakala weka vifungu vitatu bila ya kuona haya: wakala hataomba kusajili alama, jina la tovuti wala ukurasa wa mitandao kwa jina lake, akiwa ameshasajili, anaihamisha kwako ndani ya siku 30 bila malipo, na mkataba ukivunjika, bidhaa iliyobaki inauzwa ndani ya muda uliotajwa kisha jina linaachwa. Ikiwa wakala amekwishakuzunguka, Ibara ya 6 septies ya Mkataba wa Paris inampa mwenye alama haki ya kupinga au kufuta usajili uliofanywa na wakala wake bila ya idhini. Lakini utaulizwa: ushahidi uko wapi kwamba alikuwa wakala wako? Hapo ndipo ankara, barua pepe, hati ya shehena na risiti za posta za sampuli zinapofanya kazi. Zitunzwe kwa tarehe, na jina la bidhaa lionekane juu ya ankara. "Sabuni, vipande 200" haithibitishi kitu. Andika jina lile lile kama lilivyo kwenye lebo.

Ile alama ya ® iwekwe tu kwenye lebo ya nchi uliyosajiliwa. Uingereza, kwa mfano, kudai usajili usiokuwepo ni kosa la jinai. Kabla ya hapo tumia TM.

Forodha za nje zinaweza kukulinda nazo, ukiziomba. Ulaya ombi la forodha kuzuia bidhaa bandia halina ada, hudumu mwaka mmoja na huhuishwa. Mpe afisa kile atakachokitumia akiwa amesimama mbele ya boksi: picha ya fundo la ukili lilivyofungwa, rangi ya karatasi, mahali panapoandikwa namba ya toleo, na majina ya waagizaji wako halali. Mzigo ukizuiwa, utapewa siku 10 za kazi kujibu, na kwa sababu maalumu zinaweza kuongezwa nyengine kama hizo. Barua pepe isiyosomwa wiki mbili ni mzigo bandia ulioachiwa.

Yote hayo ni ya jina la mtu mmoja. Karafuu ni jambo jengine, maana jina lake ni la visiwa vizima na hakuna mmoja awezaye kulisajili kuwa lake. Njia yake ni kiashiria cha kijiografia, yaani ulinzi wa jina la mahali kwa bidhaa inayopata sifa zake hapo, ambacho sheria ya Zanzibar ya 2008 inakitambua, au alama ya pamoja inayomilikiwa na chama. Wenzetu wameshapita. Pilipili ya Penja ya Kameruni ililindwa kwao kwa utaratibu huu mwaka 2013, na rooibos, majani ya chai ya Afrika Kusini, ikaandikishwa Umoja wa Ulaya mwaka 2021. Ulaya haiandikishi jina la nchi ya nje ambalo halijalindwa kwao kwanza, kwa hiyo daftari la nyumbani ndilo mlango. Tangu tarehe 1 Desemba 2025 Ulaya inapokea pia kazi za mikono, na hapo milango ya kuchonga na ukili wa Pemba vina nafasi ambayo hapo nyuma havikuwa nayo.

Kinachochelewesha si fomu, ni kitabu cha masharti. Lazima kiandikwe mipaka ya eneo, nini katika udongo, hali ya hewa au ufundi kinaipa karafuu sifa zake, inachumwa ikiwa na rangi gani, inaanikwa wapi na kwa siku ngapi. Mpemba anajua karafuu iliyokauka kwa sikio: ukiikunja inavunjika kwa mlio, na ukiibonyeza kichwa kwa ukucha mafuta yanaonekana. Viwango vya kimataifa vinataka unyevu usizidi asilimia 12. Kitabu cha masharti kinatakiwa kuchukua ujuzi wa ukucha na kuuandika kwa namba na kwa utaratibu, bila kuupoteza. Ianikwe jamvini, si kando ya lami. Makonyo yaliyochanganyika yasizidi kiasi gani. Zenye ukungu zitengwe na nani, katika hatua ipi.

Halafu liulizwe suala ambalo wakaguzi wa nje huliuliza kabla ya yote: gunia likifika Rotterdam na jina la Zanzibar ubavuni, kuna namba gani juu yake inayorudi hadi kwenye kituo cha ununuzi, na ni nani aliyetia saini siku ile kwamba kilichomo ndani kilitoka Mkoani au Wete, Pemba, na si kwengine.